Anzia jikoni: tabia za nyumbani zenye uzito halisi kwa mazingira

Ushauri mwingi wa kutunza mazingira unaozunguka mitandaoni umeandikwa kwa ajili ya nyumba za kwingine, zenye mashine ya kukausha nguo, maji ya moto bombani saa zote na magari mawili uani. Ukiuleta kama ulivyo Temeke, Mwanza au Kisumu, utaambulia kuhangaika na mirija ya soda na taa iliyosahaulika varandani, ilhali yenye uzito yanapita bila kuguswa. Nyumba ya mjini Afrika Mashariki ina mizigo yake. Mkubwa kuliko yote ni moto wa kupikia. Unafuata ule wa mabaki ya chakula, halafu gesi iliyomo ndani ya friji na kiyoyozi, jambo ambalo karibu hakuna anayelizungumzia. Plastiki tunayoiona mitaroni inakuja baada ya hapo.

Mkaa unakula miti mingi kuliko unavyoonekana

Chukua familia inayotumia kilo moja na nusu ya mkaa kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 540 hivi. Mkaa huo umechomwa porini katika tanuri la udongo la kienyeji, ambalo kwa kila kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Kinachobaki kimepotea kwa moshi na joto kabla gunia halijashonwa. Kwa hiyo jiko hilo moja limekula kati ya tani 2.7 na tani 5.4 za kuni kwa mwaka, na mtumiaji hakuona hata gogo moja likianguka. Hali inakuwa mbaya zaidi kwa kuwa mchoma mkaa hupenda miti migumu inayokua taratibu, maana ndiyo inayotoa mkaa mzito usiovunjika njiani.

Hasara ya pili inatokea nyumbani. Jiko la bati lisilo na kitu ndani hupeleka kwenye sufuria sehemu ndogo tu ya joto la mkaa, kiasi cha asilimia 15 hadi 20. Jiko banifu lenye udongo wa kuchoma ndani hufika asilimia 30 hivi, kwa sababu udongo unazuia joto lisitoke ubavuni. Kama bado unatumia mkaa, hapo ndipo pa kuanzia. Lakini jiko banifu linalotumiwa ovyo halimsaidii mtu. Vunja mkaa uwe vipande vinavyolingana, visizidi ukubwa wa yai, kwani vikubwa sana huacha mapengo ya kupitisha joto na vumbi tupu huziba hewa. Usirundike mkaa ukapita ukingo; sufuria ikae karibu na moto. Chakula kikishachemka, funga mlango wa hewa wa chini ubaki na upenyo mdogo. Ukimaliza kupika, toa makaa kwa koleo uyatie kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, yatazimika kwa kukosa hewa na kesho yatatumika. Kuyamwagia maji yakiwa jikoni hupasua udongo, na jiko lililopasuka limerudi kuwa jiko la bati. Na tafadhali, usiwashe jiko kwa mifuko ya plastiki. Moshi wake una sumu, na mwenye kuinamia jiko ndiye anayeuvuta kwanza. Maranda, maganda makavu ya nazi au vijiti vya kuni vinatosha.

Kuna kanuni moja inayofaa kwa jiko lolote. Maji yakishachemka hayapati moto zaidi. Pwani yanabaki nyuzi 100 hata ukipuliza jiko hadi liwe jekundu. Moto wa ziada unafanya kazi moja tu, kugeuza maji kuwa mvuke, na kazi hiyo ni ghali: kuipeleka lita moja ya maji kutoka joto la kawaida hadi ichemke huhitaji nishati kidogo, lakini kuikausha lita hiyo yote huhitaji mara saba zaidi. Kila unapoona mvuke mzito ukipaa kwenye sufuria isiyofunikwa, hapo nishati yako ndiyo inayopaa. Funika, punguza moto, maharage yaendelee kutokota polepole. Yataiva kwa muda uleule.

Tukiwa kwenye maharage: hakuna chakula kinachokula mkaa kama hicho, kwa hiyo ndipo pa kuokoa zaidi. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji ya kulowekea, anza na mapya. Muda wa kupika unapungua kwa theluthi hadi nusu. Ukisahau kuloweka usiku, chemsha dakika mbili, zima, funika, acha saa moja, halafu endelea. Nyanya, ndimu na ukwaju vitiwe mwishoni, kwa sababu uchachu huzuia ganda kulainika. Maharage yaliyotiwa nyanya mapema yanaweza kukaa jikoni saa nzima ya ziada na bado yakawa magumu. Magadi hulainisha haraka lakini huharibu vitamini B1, kwa hiyo yasiwe mazoea. Na ukinunua, ulizia maharage ya msimu huu. Yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto hayaivi vizuri hata yakilowekwa.

Njia nyingine ambayo ingefaa irudi kwenye nyumba nyingi ni kapu la kuivishia. Ni kapu la ukindu lililowekwa ndani mto wa kitenge uliojazwa pamba, sponji au mabaki ya nguo, unene wa sentimita 10 kila upande, chini na juu. Maharage yaliyolowekwa yanachemshwa kwa nguvu nusu saa, sufuria inaingizwa kapuni papo hapo ikiwa imefunikwa, inafukiwa na mto wa juu, inaachwa saa tatu hadi nne. Wali unahitaji kuchemka dakika tano tu, kisha ukae kapuni kiasi cha dakika 40. Njia hii ikishindwa, sababu huwa moja kati ya hizi: sufuria ilikuwa nusu tupu, kwa hiyo joto lilikuwa dogo; au mtu alifunua kuchungulia; au chakula kilikaa humo usiku kucha kikapoa chini ya nyuzi 60 na bakteria wakaanza kuzaana. Chemsha tena kabla ya kupakua. Ile nusu saa ya mwanzo usiifupishe, hasa kwa maharage mekundu, maana yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali tu.

Gesi au umeme?

Mtungi wa gesi ni hatua kubwa mbele ya mkaa, ingawa gesi yenyewe inatokana na mafuta ya ardhini. Inaokoa miti, na moshi unaoumiza mapafu ya wapishi unaisha. Ila moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na unapaka sufuria masizi, matundu ya kichwa cha jiko yameziba kwa mabaki ya chakula au hewa haiingii sawasawa: zima, acha kipoe, kisugue kwa brashi, zibua tundu moja moja kwa sindano. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio ya regulata na mpira. Povu likivimba, gesi inavuja.

Umeme ndio wenye mustakabali bora, na sufuria ya presha ya umeme ndiyo inayobadilisha hesabu. Wengi wanaamini kupikia umeme ni anasa kwa sababu wanakumbuka jiko la koili lililomaliza uniti kabla ya chakula kuiva. Sufuria ya presha ni kitu kingine kabisa. Ile ya lita sita huwa na wati 1,000, imezungushiwa kizuizi cha joto, na ikishapata presha hujizima na kujiwasha kwa vipindi vifupi. Nusu kilo ya maharage huiva kwa uniti 0.3 hadi 0.4 hivi. Hata ukiihesabu uniti moja kwa shilingi 360 za Tanzania, maharage hayo yameiva kwa chini ya shilingi 150. Linganisha na bei ya kopo la mkaa mtaani kwako.

Isijazwe maharage na maji zaidi ya nusu, maana yanavimba na kutoa povu linaloziba tundu la mvuke. Kwa nyama na vingine, theluthi mbili. Mpira wa mfuniko uoshwe na ukaguliwe: ukiwa na ufa au umekaa upande, presha haipandi, mvuke unatoka pembeni, na mtu anahitimisha kwamba sufuria ni mbovu. Ichomeke moja kwa moja ukutani. Ekstensheni za bei ya chini zenye nyaya nyembamba huyeyuka zikibeba kifaa kama hiki pamoja na pasi au birika.

Swali linalokuja hapo ni umeme wenyewe unatoka wapi. Nchini Kenya takribani asilimia 90 ya umeme hutokana na vyanzo jadidifu, yaani visivyokwisha, ukiongozwa na jotoardhi ya Olkaria. Tanzania inachanganya maji na gesi asilia, na bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza sana sehemu ya maji. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Lengo ni kubwa, na mahali pake pa kutimia ni meza ya jikoni.

Neno moja kuhusu mkaa mbadala. Uulize umetengenezwa na nini. Uliotokana na vumbi la mkaa, vifuu vya nazi au pumba za mpunga ni mzuri, unashika moto polepole na kukaa saa nyingi, unafaa makande na supu. Upo pia unaotengenezwa kwa makaa ya mawe. Huo unaokoa miti, lakini bado ni nishati ya kuchimbwa ardhini kwa sura nyingine.

Maganda ya ndizi yanafanya nini dampo

Zaidi ya nusu ya uzito wa taka za nyumba zetu ni vitu vinavyooza: maganda, majani ya mboga, mabaki ya ugali na wali. Vikifukiwa chini ya taka nyingine kwenye dampo la Pugu Kinyamwezi, Dar es Salaam, au la Dandora, Nairobi, hewa haiwafikii vijidudu wanaoviozesha, na uozo usio na hewa hutoa gesi iitwayo methani. Kwa kipimo cha miaka 100, kilo moja ya methani hupasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kilo ya hewa ukaa. Maganda yaleyale yakiozea mahali penye hewa hutoa hewa ukaa badala ya methani, na yanakuachia mboji.

Kwa nyumba isiyo na shamba, ndoo mbili za lita 20 zinatosha. Toboa matundu ya sentimita moja chini na kuzunguka ubavu, kila baada ya sentimita 10, kisha inua ndoo juu ya matofali mawili na uweke sahani chini. Anza na majani makavu kina cha kiganja. Kila ukitia kipimo kimoja cha mabaki mabichi, funika kwa vipimo viwili vya vitu vikavu: majani, maranda, maboksi yaliyochanwa chanwa. Uwiano huu ndio siri ya yote. Vibichi vina nitrojeni nyingi, vikavu vina kaboni, na vijidudu wanataka kaboni mara 25 hadi 30 ya nitrojeni. Geuza mara moja kwa wiki. Ndoo ya kwanza ikijaa iache ikomae, hamia ya pili. Kwa joto la pwani, miezi miwili hadi mitatu inatosha.

Unyevu upime kwa mkono: kamua konzi moja, litoke tone moja au mawili. Pua itakueleza mengine. Harufu kali ya kubana pua ni amonia, vibichi vimezidi, ongeza maranda. Harufu ya yai viza maana yake maji yamejaa na hewa imekosekana. Geuza, ongeza makavu, hakikisha matundu ya chini hayajaziba. Sisimizi wakihamia humo, pamekauka. Inzi na funza wakijaa, mabaki hayakufunikwa. Nyama na samaki usitie, utaita panya na paka wa mtaa mzima. Majivu yawe konzi moja kwa ndoo tu, kwa kuwa yakizidi huifukuza nitrojeni hewani, na hiyo ndiyo rutuba unayoitaka. Tofauti na lundo kubwa la mita moja kila upande, ndoo haipati joto la kuua mbegu, hivyo mbegu za nyanya na papai zitaota. Mboji ikiiva inanuka udongo wa mvua. Changanya kipimo kimoja na vitatu vya udongo, panda mchicha.

Gesi usiyoiona

Nyuma ya friji pana kibandiko kidogo chenye herufi R na namba. Kisome. R600a ni gesi isiyo na madhara makubwa kwa hali ya hewa. R134a, iliyo kwenye friji nyingi za zamani na za mtumba, ina nguvu ya kupasha dunia joto mara 1,400 hivi kuliko hewa ukaa. Friji ya nyumbani hubeba gramu 150 hivi, na zikiachiwa hewani ni sawa na kuchoma lita 90 za petroli. Kiyoyozi ni kikubwa zaidi: kile cha ukutani cha BTU 12,000 kinachotumia R410A kina kama kilo moja ya gesi yenye nguvu mara 2,088. Ikivuja yote, ni kama umechoma lita 900 za petroli. Hii ndiyo sababu nchi zilikubaliana mjini Kigali, Oktoba 2016, kuzipunguza gesi za aina hii.

Sasa fikiria desturi iliyozoeleka ya kumwita fundi kila mwaka "aongeze gesi". Mfumo wa kiyoyozi umefungwa. Gesi hailiwi kama mafuta ya gari. Ikipungua, imevuja, na kuongeza bila kuziba ni kulipia uchafuzi mara ya pili. Mwambie fundi atafute tundu kwanza. Mara nyingi ni nati za kuungia mabomba ya shaba kwenye kile chombo cha nje, na povu la sabuni linatosha kuonyesha. Ukihamisha kiyoyozi, gesi irudishwe kwanza kwenye chombo cha nje na valvu zifungwe kabla ya bomba kufunguliwa. Ukiuza friji iliyokufa kwa mnunuzi wa chuma chakavu, mzuie asikate bomba. Mpe fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi.

Matumizi ya kila siku ni mepesi kuyaeleza. Kiyoyozi kiwe nyuzi 25 au 26 na feni isaidie, kwani feni hula wati 50 hadi 75 tu. Chujio lioshwe kila wiki mbili hadi nne. Friji iwe nyuzi 4, isibanwe ukutani, barafu isizidi nusu sentimita. Fungia karatasi mlangoni uivute. Ikitoka bila kukwama, mpira umechoka. Ukitaka kujua friji yako inakula kiasi gani, zima kila kitu kingine usiku, soma mita ya LUKU unapolala na unapoamka. Ikila zaidi ya uniti moja kwa saa 12, ni kweli ulinunua friji rahisi, lakini unaendelea kuilipia.

Maji na plastiki, kwa ufupi

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 10 hutoa lita 400 hivi baada ya kuondoa zinazopotea. Lita 50 za mwanzo zimwage au zielekeze kwenye bustani, kwa kuwa ndizo zinazoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa moja kwa moja kwenye miche. Yenye sabuni ya unga usiyamwage palepale kila siku, chumvi hujikusanya na udongo hugoma.

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na mitaro imepumua. Ila mfuko laini unaofanana na kitambaa, uliochukua nafasi yake dukani, kwa kawaida ni polipropilini, nayo ni plastiki. Faida yake inapatikana ukiurudia mara nyingi. Ukiutupa baada ya safari moja umetumia plastiki nyingi kuliko ile ya rambo. Kapu la ukindu linabeba zaidi na likichakaa linaoza.

Taka za plastiki zisichomwe uani. Vipande vya mabomba na nyaya vyenye PVC ndivyo vibaya kuliko vyote, hutoa tindikali na sumu iitwayo dioksini, na majivu yake yasiende bustanini. Chupa za maji na soda zina wanunuzi karibu kila mji. Zimwage maji yote, zikanyage, zifunge kwenye kiroba kimoja na madumu magumu kiroba kingine, kwa kuwa ni plastiki tofauti zinazoyeyushwa kwa joto tofauti. Zikichanganyika au zikiwa na mafuta ya kula ndani, mnunuzi anashusha bei au anaziacha, na zinarudi mtaroni.